Vinywaji na Nyimbo Harusini: Nani Ataachiwa Neno?

Saa mbili asubuhi, msafara wa bwana harusi unapowasili nyumbani kwa kina bibi harusi katika vitongoji vya Kiambu, Thika au Nakuru, aghalabu lango hukutwa limefungwa. Ndani wamesimama kina mama wa upande wa bibi harusi, leso wamezikaza viunoni. Nje, kina mama waliokuja na bwana harusi huanza kuimba wakiomba njia. Wale wa ndani huwajibu kwa wimbo kwamba wamechelewa, kwamba wamekuja mikono mitupu, kwamba binti wanayemtafuta bado amelala na hana haja ya kuamshwa. Wa nje hujitetea, nao kwa wimbo. Ubeti huzaliwa papo hapo kulingana na alichokisema mpinzani, na anayekosa neno huokolewa na mwenzake kabla kicheko hakijamwelemea. Lango hufunguliwa baada ya nusu saa au zaidi, noti kadhaa zikiwa zimekwisha kupenyezwa kati ya vyuma, na hakuna aliyesimama pale asiyejua sasa nani ni nani katika ukoo wa pili.

Saa nane mchana, watu hao hao wameketi chini ya hema. Mbele yao pana spika mbili zenye kimo cha mtu mzima. Wale kina mama waliokuwa wakirushiana beti asubuhi wamekaa kimya, kila mmoja na chupa yake ya soda yenye mrija, wakiwatazama vijana wanaocheza wimbo ambao wao hawaujui na ambao maneno yake hayasikiki kwa ukali wa vyombo. Anayetaka kumsemesha jirani yake sharti amwinamie sikioni. Mzee anapoitwa kutoa nasaha, mcheza santuri hupunguza sauti shingo upande, na kabla mzee hajamaliza sentensi ya tatu muziki huanza kupandishwa tena, ishara kwamba muda wake umekwisha.

Kati ya saa mbili na saa nane kuna kitu kimepotea. Ni desturi ya wasomi kukimbilia kuulaumu utandawazi au ukoloni mamboleo kila panapotajwa kupotea kwa jambo la utamaduni. Safari hii mkosaji yuko karibu zaidi. Ni watu saba au wanane waliokutana jioni moja, wakaitwa kamati ya harusi, wakatumia saa mbili nzima kujadili michango, magari, rangi ya hema, mpiga picha na ngazi za keki, kisha wakafikia kipengele cha mwisho cha ajenda, "vinywaji na burudani," wakakimaliza kwa dakika tano. Soda zitanunuliwa kwenye duka la jumla. Kreti moja ina chupa 24, kwa hiyo wageni 300 wakipewa chupa moja moja kreti kumi na tatu zinatosha. Dijei yuko, binamu ya fulani anamjua, bei yake ni nafuu. Kikao kikafungwa kwa sala.

Kipengele hicho cha dakika tano ndicho kilichostahili saa mbili. Keki ikikosekana, wageni watasikitika kidogo na kusahau. Kinywaji na wimbo ni mambo mengine kabisa, kwa kuwa katika harusi za jamii nyingi za Kenya hivyo viwili havikuwa viburudisho. Vilikuwa ndivyo vyombo vya kusemea. Anayevichagua huamua, ajue asijue, ni nani atakayepewa nafasi ya kunena siku hiyo na ni nani atakayebaki mtazamaji.

Tukio linalothibitisha hoja hii waziwazi ni posa ya Wagikuyu, miongoni mwa mila zilizoelezwa na Jomo Kenyatta katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938. Upande wa mvulana huleta pombe ya asali au ya miwa, iliyochachushwa kwa tunda la mti ambao Waswahili huuita mwegea na ambalo ndilo lililokipa kinywaji hicho jina la muratina. Pombe hiyo hainywewi ovyo. Msichana huitwa mbele ya wazee akaulizwa kama kilicholetwa kinywewe. Akikubali, mambo huendelea. Akikataa, kinywaji hurudi kilikotoka na posa huishia hapo. Msomaji atafakari uzito wa swali hilo. Katika mazungumzo marefu ya wanaume kuhusu mbuzi na ng'ombe, hiyo ndiyo nafasi ambapo binti anayeolewa huulizwa kwa kinywa kipana, mbele ya mashahidi, na jibu lake huwafunga wote. Neno lake limewekwa ndani ya pembe ya kunywea. Mahali ambapo muratina umeondolewa, soda ikawekwa badala yake na swali likasahaulika, kilichoondoka si kileo pekee. Mtu anaweza kuunga mkono kwa moyo wote kuondolewa kwa kileo na bado akauliza kwa nini swali liliondolewa pamoja nacho. Hakuna kinachozuia binti kuulizwa kama uji uliochachuka unywewe, au maziwa, au hata hiyo soda.

Kwa Wagiriama mambo yalikuwa na sura nyingine. Mwanaanthropolojia David Parkin, aliyefanya utafiti wake Kaloleni, alikipa kitabu chake cha 1972 anwani inayotaja kwa pamoja minazi, tembo na mashahidi, na uteuzi huo wa maneno una maana. Tembo la mnazi lililonywewa wakati wa makubaliano ya mahari liliwageuza wanywaji kuwa mashahidi. Ugomvi ukizuka miaka baadaye kuhusu nani alilipa nini, aliyeulizwa ni yule aliyekuwapo na akanywa. Kumbukumbu ya jamii ilihifadhiwa vifuani mwa watu walioshiriki kibuyu kimoja. Siku hizi kuna karatasi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imetaka ndoa zote, za kimila zikiwamo, zisajiliwe, na hilo ni jema, hasa kwa mjane anayenyang'anywa shamba na mashemeji wanaodai hakuwahi kuolewa. Ila cheti kikishachukua kazi ya ushahidi, kinywaji hubaki bila kazi, na kisicho na kazi huchaguliwa kwa bei.

Aidha kuna suala la muda. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, na tembo alilolishusha likiwa tamu huanza kukolea saa hiyo hiyo. La jana si la leo. Muratina huhitaji siku kadhaa mahali penye joto. Busaa ya Waluhya hupitia kuloweka, kuotesha wimbi, kukaanga unga na kungoja. Mursik ya Wakalenjin hutaka kibuyu kilichosafishwa na kupakwa masizi ya mti maalumu, na maziwa yaliyotulia humo kwa siku nyingi. Kwa ajili hiyo harusi ilianza kabla ya harusi. Wanawake waliokusanyika kusaga na kuchuja walikuwa wakiimba wakifanya kazi, wakimsengenya bwana harusi, wakimfunda bibi harusi bila ya kumwita darasani. Kina mama wawili waliokuwa hawasemezani hulazimika kushika chujio moja. Kreti kumi na tatu hufika kwa gari nusu saa kabla ya wageni. Hazijamkutanisha mtu na mtu.

Si nia ya makala haya kumrudishia mtu yeyote pombe. Waumini wengi wa makanisa ya Kenya hawaitaki katika sherehe zao, na kwa Mwislamu jambo hilo halina mjadala. Isitoshe, hakuna kijiji ambacho hakijamzika kijana aliyeuawa na ulevi. Lakini ni kosa kudhani kwamba asiyetaka kileo hana chaguo isipokuwa chupa ya kiwandani. Waislamu wa Mombasa na Lamu wamefanya harusi karne nyingi bila kileo na wala hawakukosa cha kuwakirimu wageni. Nikaha ikishafungwa, halua hupitishwa pamoja na kahawa chungu iliyotiwa tangawizi, katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Udogo wa kikombe una hekima yake: hakimalizi kiu, kwa hiyo muuzaji au kijana wa nyumbani hulazimika kupita tena na tena na dele lake, na kila anapopita mazungumzo hupata pumzi mpya. Siku ya karamu kuna maji ya ukwaju, sharubati ya maembe, maji ya ndimu. Bara nako hakuna upungufu. Uji wa wimbi uliochachuka, maziwa lala, chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja na majani katika sufuria kubwa nyuma ya nyumba, vyote vipo na vinajulikana.

Wanakamati watasema kwamba ni kazi. Hesabu yenyewe si ya kutisha. Lita moja ya maji ya ukwaju hujaza bilauri nne. Wageni 300 wakinywa bilauri mbili mbili, zinatakiwa lita 150, yaani mapipa machache ya plastiki yenye vifuniko, ukwaju uliolowekwa tangu usiku, sukari, iliki kidogo, barafu, na kina mama sita wenye mikono safi. Kitakachotaka uangalifu mkubwa ni maji. Lazima yachemshwe na kupozwa siku iliyotangulia, maana harusi inayowapeleka wageni hospitalini haitasahaulika kwa wema. Wale kina mama sita, hata hivyo, watakuwa wamepata usiku mmoja wa kukaa pamoja. Ni shaka kama kuna familia iliyowahi kujuta kwa usiku kama huo.

Upande wa nyimbo hasara ni kubwa zaidi, na kwa wanaosoma Kiswahili ni ya kuaibisha kidogo. Kila aliyepitia shule ya sekondari nchini amekariri kwamba fasihi simulizi huwa na hadhira hai, kwamba fanani hubadilisha utungo kulingana na hadhira, kwamba nyimbo za ndoa ni kipera kimojawapo, na amejibu maswali ya mtihani kuhusu sifa zake. Mwanafunzi huyo akaingia chuoni, akaandika tasnifu juu ya nyimbo za harusi za jamii yake, akamrekodi nyanya yake kwa simu, akapata alama nzuri. Alipooa, alimwita dijei.

Dijei hana kosa. Amekodiwa kupiga rekodi naye anazipiga. Kosa ni kumkabidhi jukumu ambalo chombo chake hakiliwezi, nalo ni kujibu. Wimbo wa langoni ni mazungumzo. Rekodi haijui kwamba shangazi wa bibi harusi ametoka Mumias usiku kucha kwa basi, haijui kwamba bwana harusi aliwahi kuposa kwingine akakataliwa, haiwezi kumtania baba mkwe kwa kitambi chake. Itasema ilichosema jana katika harusi ya watu wengine.

Pwani jambo hili lilieleweka mapema. Wanawake wa vugo walipita mitaani wakigonga pembe kwa vijiti, wakiutangazia mji kwamba kuna harusi na ni ya nani. Katika taarab, uhusiano wa mwimbaji na msikilizaji ulikuwa mkataba wa hali ya juu. Mwanamke aliyesikia ubeti unaosema lililo moyoni mwake huinuka, akatembea taratibu mbele ya watu wote hadi kwa mwimbaji, akatoa tuzo yake. Hakuwa amefungua kinywa, ila kila aliyeketi pale alijua amemwambia nani nini. Methali isemayo mcheza kwao hutunzwa hupata hapa maana yake kamili, kwamba fedha ile haikuwa ujira tu bali sehemu ya maneno. Kwa hiyo mwimbaji sharti awepo mwenyewe, awaone watu, ajue ubeti upi aurudie kwa sababu kuna mtu anayeinuka. Mpiga rekodi hatunzwi hivyo. Akitunzwa, ni kwa kuombwa aongeze sauti.

Wala taarab hiyo ya harusini haikuwa fasihi ya daraja la chini. Nyingi katika tungo alizoimba Mohamed Khamis Juma Bhalo, bingwa wa Mombasa aliyefariki mwaka 2014, zilitungwa na Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi yule yule ambaye wanafunzi humsoma katika Malenga wa Mvita, diwani ya mwaka 1971. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu na fundi wa udi aliyefariki mwaka 2016, alishirikiana na Sheikh Ahmed Nabhany, mlezi wa ushairi na msamiati wa Kiswahili. Kwa maneno mengine, tungo zilizokusudiwa kusikilizwa na kina mama waliovaa dhahabu na kushika vipepeo zilikuwa na vina, mizani na mafumbo yanayowatoa jasho wahadhiri darasani. Harusi ilikuwa jukwaa la ushairi wa Kiswahili lililokuwa na wasikilizaji wengi kuliko tamasha lolote la chuo. Jukwaa hilo likifungwa, ushairi utabaki kwenye karatasi za mitihani, na kila mwaka patatolewa makala yanayolalamika kwamba vijana hawaupendi.

Kuna wanaoshika njia ya katikati. Hawaleti mwimbaji, lakini humwagiza dijei apige nyimbo za Kiswahili "za zamani" ili wazee wafurahi. Nia ni njema. Tatizo ni kwamba mara nyingi hakuna aliyezisikiliza. Malaika, wimbo uliorekodiwa na Fadhili William mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambao utunzi wake ulibishaniwa kwa muda mrefu, umepigwa katika harusi zisizo na idadi wakati maharusi wanapoingia hemani. Ni wimbo wa kijana anayelia kwa kuwa hana mali ya kumwoa ampendaye. Kuupigia mwanamume ambaye ameoa asubuhi hiyo, mbele ya wakwe ambao bado wanamdai ng'ombe wawili, ni ama mzaha mkubwa ama uziwi. Vivyo hivyo kwa nyimbo kadha za taarab zinazoimbwa kwa sauti tamu ajabu na ambazo ukizisikiliza ni kilio cha aliyeachwa. Na taarab ya mipasho kutoka ng'ambo ya mpaka ikipigwa mahali ambapo mke mwenza au mchumba wa zamani ameketi meza ya tatu, yatakayotokea hayahitaji kusimuliwa. Kama kuna kazi ambayo mtu aliyesoma Kiswahili kwa miaka minne angetarajiwa kuiweza, basi ni hii ya kusikiliza maneno kabla ya kuyapendekeza.

Watakaopinga wana hoja mbili zenye nguvu. Ya kwanza ni kwamba nyimbo za zamani nyingine hazifai. Zipo zinazomfunda bibi harusi kuvumilia kipigo, zinazomwita mali iliyonunuliwa, zinazomtisha kwa utasa. Hili ni kweli, na anayezitetea zote kwa jina la utamaduni hajaketi na kuzisikiliza zote. Lakini hapa ndipo ubora wa wimbo hai unapojitokeza. Wimbo wa midomoni hubadilishwa na waimbaji wenyewe, ubeti mbaya ukaachwa njiani, mwingine ukatungwa. Langoni leo husikika beti zinazouliza kama bwana harusi anajua kupika, swali ambalo mababu wa kina mama hao wasingelidhania. Rekodi yenye matusi kwa mwanamke, nazo zimejaa kwenye vyombo vya vijana, haiwezi kusahihishwa na yeyote aliye hemani.

Hoja ya pili ni kwamba utamaduni haujawahi kuwa safi. Nayo ni kweli. Juma Bhalo alitumia mahadhi ya filamu za Kihindi, taarab ilipokea fidla na kodiani bila ya kuomba radhi, na chakacha, ngoma ya wanawake ya faragha ya harusini, ilivaa magitaa ya umeme ikapelekwa mahotelini kwa watalii. Hakuna anayetaka harusi igeuzwe makumbusho. Spika zina manufaa yake, na bibi wa miaka themanini akishikiwa kipaza sauti atasikika hadi safu ya nyuma, jambo ambalo zamani lisingewezekana katika umati wa watu 500. Chombo si adui. Kinachopingwa ni kumpa chombo mtu mmoja kuanzia saa sita hadi jioni, kana kwamba wageni wote walikuja kumsikiliza yeye.

Lipo jambo lingine ambalo wanakamati hawawezi kulikwepa, nalo ni ndoa za watu wa jamii mbili. Ichukuliwe mfano binti wa Kaloleni anayeolewa na kijana wa Kakamega, sherehe ikifanyika Nairobi wanakofanya kazi. Upande mmoja unajua isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa dharura, na ambayo huchezwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, pamoja na pembe na njuga. Upande wa pili una ngoma na nyimbo za Mijikenda. Kamati ikiogopa kuonekana inapendelea, hukimbilia kwa dijei kama kwa hakimu asiye na kabila. Matokeo ni kwamba pande zote mbili hunyamazishwa kwa usawa. Haki ya namna hiyo ni duni mno. Isukuti ipewe saa yake na Wagiriama wapewe yao, kila upande ukiona mwenzake anavyocheza, na baina ya hizo mbili pawe na maneno yanayoeleweka na wote.

Maneno hayo yatakuwa ya Kiswahili, kwa sababu hakuna lugha nyingine ambayo shangazi wa Kaloleni na mjomba wa Kakamega watataniana kwayo bila mkalimani. Katiba ya mwaka 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi. Haikukiandalia nyimbo za kuombea njia langoni. Pengo hilo hujazwa sasa na pambio za kanisani, ambazo ni nzuri kwa kumsifu Mungu lakini hazina nafasi ya kumuuliza bwana harusi amekuja na nini. Ni ajabu kwamba lugha yenye malumbano ya utani, yenye kujibizana kwa mashairi, yenye ngonjera zilizovuma tangu enzi za Mathias Mnyampala, haina bado utaratibu unaojulikana wa kubishana langoni kwa watu wa makabila mawili. Utaratibu huo hautatungwa na wizara. Utatungwa na watu kumi waliokutana jioni mbili tatu kabla ya Jumamosi, wakakubaliana kiitikio chepesi cha Kiswahili ambacho kila mtu atakishika, na kuwaachia wenye ndimi nyepesi kazi ya beti, wakiruhusiwa kuchomekea Kigiriama au Kiisukha pale utani unapotaka.

Nani wa kuyasimamia haya? Jina lake linajulikana katika kila ukoo. Ni yule aliyesoma Kiswahili chuo kikuu. Hana hiari, mara tu anapofika mwaka wa pili, jamaa zake humteua kuwa mfawidhi wa kila harusi kwa sababu "yeye anakijua." Hupewa kipaza sauti na ratiba iliyokwisha kuandikwa, akatarajiwa kupamba mapengo kwa misamiati. Wengi huikubali kazi hiyo kama ilivyo, wakaishia kuwa wapambe wa dijei, wakitangaza kwa Kiswahili sanifu kwamba sasa ni wakati wa kukata keki. Mfawidhi aliye na akili ataomba kuingia katika kamati tangu kikao cha kwanza. Atataka kipengele cha vinywaji na burudani kiwe cha pili katika ajenda, mara baada ya michango, ilhali watu bado hawajachoka na fedha bado hazijaisha. Atawaendea mapema wazee wa pande zote mbili na kuuliza ni nani anayejua nyimbo, nani ataanzisha na nani ataitikia, na kama kuna swali ambalo binti anapaswa kuulizwa mbele ya watu, liulizwe kwa kinywaji gani. Ataelewana na dijei kwa heshima kwamba vyombo vitazimwa kabisa, visipunguzwe tu, kuanzia saa nane na nusu hadi saa tisa na nusu, na kwamba malipo yake hayatapungua kwa saa hiyo.

Na atahakikisha kwamba saa hiyo inapokaribia, bibi aliyeteuliwa kuanzisha wimbo hajaletewa soda iliyotoka katika barafu. Waimbaji wazee huzikataa, wakisema baridi na mapovu yale huwakaba koo. Awekewe kando birika la chai ya tangawizi, iliyo moto, na mtu wa kukaa naye akimmiminia kidogo kidogo mpaka atakapokuwa tayari kusimama.